BRAM STOKER, KARANI WA TEATRI



Katika kikundi chetu cha michezo yametokea mabishano. Wamoja wanataka tucheze mchezo wa kuogopesha mwisho wa mwaka, mbele ya wazazi na Bwana Prefe. Wengine wanakataa kabisa, wanasema mwanafunzi wa masomo ya misioni hawezi kupanda mbele ya watu na kucheza mambo ya wafu wanaotembea. Wale wa kwanza wakajibu kwamba hata Biblia iko na mfalme Sauli anayeenda usiku kwa yule mwanamke wa Endori. Basi kelele. Katika kelele ile mmoja wetu akauliza swali lingine: huyu Dracula, ambaye jina lake linajulikana hata na watoto wadogo wa Manika na Dilala, ni nani aliyemutunga? Hakuna aliyejua. Tukaenda kutafuta, na tuliyoyapata ndiyo haya.

Lakini kwanza neno moja. Sisi watu wa Katanga hatukungojea Dracula ya Wazungu ili tuogope. Wazee waliokaa mu makambi ya Union Minière walihadisia sana juu ya batumbula, watu wa usiku waliosemwa kwamba wanakamata mutu njiani, wanamupeleka, na nyumbani hawamuoni tena. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walisema banyama. Kenya na Uganda walisema wazimamoto, na kule pwani mumiani. Wataalamu wa historia wameandika vitabu vizima juu ya hadisi hizi, nao wameona kwamba zilienea sana wakati mutu alipokuwa chini ya mkono wa mwingine na nguvu zake zilikuwa zinaenda kutajirisha wengine. Kwa hiyo tuliposoma juu ya bwana mkubwa mwenye ngome mlimani ambaye anaishi kwa damu ya watu wa chini, hatukuona ugeni mwingi.

Aliyeandika hadisi ile aliitwa Abraham Stoker, kwa kifupi Bram. Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1847 kule Clontarf, karibu na mji wa Dublin, katika inchi ya Irlandi. Alikuwa wa tatu katika watoto saba. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti, na alibatizwa katika Kanisa la Irlandi. Baba yake alikuwa karani wa serikali. Si karani mkubwa sana. Mutu wa kuandika, kupanga makaratasi na kungojea mshahara. Wengi wetu tunamujua baba wa namna ile, tunakaa naye nyumbani.

Mtoto Bram alikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa. Mpaka alipofika karibu miaka saba hakuweza kusimama peke yake, na hata leo waganga hawajapatana ulikuwa ugonjwa gani. Alilala kitandani, na mama yake Charlotte alikaa karibu naye akimuhadisia. Mama huyu alikuwa ameona mambo. Mwaka 1832, alipokuwa msichana kule Sligo, kipindupindu kiliingia mjini na kuua watu wengi sana. Watu waliogopa ugonjwa kuliko kitu chochote, hata walizika kwa haraka, na ilisemwa kwamba wengine walizikwa bado hawajakufa. Mtoto asiyeweza kukimbia alisikia haya yote akiwa amelala. Baadaye, alipokuwa mutu mzima, alimuomba mama yake ayaandike kwenye karatasi, na mama akayaandika. Tunafikiri mbegu ilipandwa pale.

Kiisha mtoto akapona, na kumbe alipopona alikua sawa mti. Alikuwa mrefu, mpana, mwenye ndevu nyekundu. Aliingia Trinity College ya Dublin mwaka 1864, akashinda katika michezo ya kukimbia na kutembea, akachaguliwa mkubwa wa vikundi viwili vya wanafunzi vya mabishano. Alipomaliza masomo akafuata njia ya baba yake, akawa karani wa serikali kule kule. Alifanya kazi ile miaka mingi, akaandika hata kitabu cha kufundisha makarani wa mahakama ndogo za Irlandi kazi yao, kilichotoka mwaka 1879. Tumeambiwa ni kitabu kikavu sana. Tunaamini bila kukisoma.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye teatri. Kutoka mwaka 1871 alikuwa akiandika juu ya michezo katika gazeti moja la Dublin, na hakulipwa hata senti. Desemba 1876 akafika mjini mchezaji mmoja Mwingereza, Henry Irving, kucheza Hamlet. Stoker akaandika juu yake kwa kusifu na kwa akili, Irving akasoma, akamwita kwenye chakula cha usiku. Baada ya kula, Irving akasimama akatoa kwa kichwa shairi la Thomas Hood juu ya Eugene Aram, mwalimu wa masomo aliyeua mutu na dhamiri ikamufuata. Alitoa kwa nguvu mpaka mwishoni yeye mwenyewe alianguka kwenye kiti. Na Stoker, yule jitu mwenye ndevu, alishikwa na kilio na kutetemeka mbele ya wageni wote. Yeye mwenyewe ameandika hivyo katika kitabu chake, bila kuficha. Tangu usiku ule alikuwa mutu wa Irving.

Miaka miwili baadaye Irving alipata teatri yake mwenyewe mjini London, iitwayo Lyceum. Akamuita Stoker awe msimamizi wa mambo ya kazi na feza. Stoker akaacha kazi ya serikali yenye pansheni. Tarehe 4 Desemba 1878 akaoa msichana mzuri wa Dublin, Florence Balcombe, ambaye mbele yake alikuwa akitembelewa na Oscar Wilde. Tarehe 9 alikuwa tayari kazini kwa Irving, katika mji wa Birmingham. Hata wiki moja ya harusi haikupita! Dada zetu wa kelasi ya tano wamesoma sehemu hii na wameomba tuandike kwamba hawaipendi. Tumeandika.

Sasa tueleze kidogo kazi ya namna hii, kwani watu wanafikiri teatri ni wachezaji tu. Lyceum ilikuwa nyumba kubwa ya biashara. Hakuna serikali iliyoleta feza, hakuna misioni. Kila jioni viti vilipaswa kujaa, watu zaidi ya elfu moja, la sivyo mwisho wa juma hakuna mshahara wa mamia ya watumishi: wachezaji, wapiga muziki, maseremala, washonaji, watu wa taa, wanaofungua milango, wanaofagia. Stoker alihesabu feza, alilipa watu, alipanga safari, alijibu barua. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba aliandika karibu nusu milioni ya barua kwa ajili ya Irving. Jioni alivaa nguo nyeusi nzuri, akasimama juu ya ngazi kupokea wakubwa wanaoingia. Pazia likifunguliwa, yeye alirudi kwa hesabu. Hivyo miaka karibu ishirini na saba.

Na nyumba hii iliishi sana kwa woga. Irving alipata jina mwaka 1871, pale pale Lyceum, kwa mchezo uitwao The Bells. Ni habari ya mwenye hoteli aliyemuua msafiri kwa ajili ya dhahabu yake, akakaa miaka mingi akiheshimiwa, lakini anasikia kengele za gari la yule maiti, na hakuna mwingine anayezisikia. Hakuna damu inayoonekana, hakuna shetani. Kuna mutu mmoja tu anayesikiliza. Wazungu walijaza nyumba ile usiku kwa usiku, na Irving aliendelea kucheza mchezo ule mpaka siku za mwisho za maisha yake.

Irving alijua pia nguvu ya giza. Zamani watu katika teatri walikaa katika mwanga, wakitazamana nguo. Yeye alipunguza taa za upande wa watu, ili macho yao yawe kwenye jukwaa tu. Jukwaani alitumia gesi, na kwa mwanga mkali alitumia chokaa. Ndiyo, chokaa! Unachoma kipande cha chokaa kwa moto wa gesi ya oksijeni na hidrojeni, kinawaka cheupe kabisa, na mutu wa taa anaelekeza mwanga ule juu ya uso wa mchezaji. Wenzetu wa kelasi ya kemia watafurahi.

Desemba 1885 wakaleta Faust, hadisi ya mwalimu mkubwa anayeuza roho yake kwa shetani. Irving alicheza shetani mwenyewe, na nguo nyekundu. Kwa mapigano ya panga walifanya ufundi huu: walifunga mabamba mawili ya chuma sakafuni, kila mpiganaji anakanyaga lake kwa kiatu chenye chuma, waya unapanda ndani ya nguo mpaka mkononi, mkono una glavu ya mpira ili usichomwe, na panga zikigusana, cheche za umeme zinaruka. Hayo yalifanywa wakati nyumba nyingi za London hazikuwa na umeme hata kidogo. Kulikuwa pia mvuke uliotoka chini sawa moshi wa jehanamu, na mamia ya watu waliocheza wachawi mlimani. Watu walikuja zaidi ya mwaka mzima. Na wahubiri? Wamoja walilaumu, lakini wengine walikuja kutazama, wakasema ni funzo juu ya dhambi. Mabishano yetu si mapya.

Stoker aliona yote haya kutoka nyuma. Aliona bei ya kila cheche. Kwa maoni yetu hakuna mwandishi mwingine wa hadisi za kuogopesha aliyejua vizuri sawa yeye woga unauzwaje kwa tiketi.

Mwaka 1888 alijifunza pia upande mwingine. Irving alikuwa amemukodishia Lyceum mchezaji wa kutoka Amerika, Richard Mansfield, aliyekuja na mchezo wa Dr Jekyll na Bwana Hyde, mutu mmoja mwenye nafsi mbili. Mansfield aligeuka Hyde mbele ya macho ya watu, bila kutoka jukwaani, kwa kukunja mwili na kwa ufundi wa taa tu. Walianza tarehe 4 Agosti. Mwisho wa mwezi ule ule, katika mtaa maskini wa Whitechapel, mutu asiyejulikana akaanza kuua wanawake usiku kwa kisu. Mji mzima ukashikwa na hofu. Magazeti yakaunganisha mambo mawili, na kuna aliyeandikia polisi kwamba mutu anayeweza kugeuka vile jukwaani ndiye muuaji. Viti vikaanza kubaki wazi. Mwisho wa Septemba mchezo ukaondolewa, na Mansfield akapoteza feza mingi.

Hapa tusimame kidogo. Mji huu wetu wa Kolwezi una wazee waliokaa siku nyingi wamejifungia ndani ya nyumba mwezi wa Mei 1978, na miili ilikuwa njiani. Katika mabishano ya kikundi chetu kuna mmoja aliyesema kwamba baba yake mkubwa hawezi kutazama hata sinema ya bunduki, anatoka nje anakaa chini ya mti. Hatukujua kumujibu. Watu wa London mwaka 1888 walikuwa hivyo hivyo. Woga wa jukwaani ni mzuri wakati njia ya kurudi nyumbani iko salama.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi watu wa mto. Kati ya wakubwa waliokula mezani kwa Irving alikuwamo Henry Morton Stanley, yule aliyefika Nyangwe mwaka 1876, akashuka na Lualaba mpaka bahari mwaka 1877, na kuhakikisha kwamba Lualaba na mto Kongo ni mto mmoja. Ndiyo Lualaba yetu hii, inayozungusha mashine za umeme kule Nzilo. Kiisha alifanya kazi kwa mfalme Leopold, na matunda ya kazi ile babu zetu waliyajua. Stoker alimujua tangu mwaka 1882. Katikati ya mwaka 1890 akamuona tena, alipokuwa ametoka katika msitu wa Ituri na safari ya Emin Pasha, safari iliyoua watu wengi. Stoker aliandika baadaye kwamba Stanley siku ile alifanana na maiti zaidi kuliko mutu hai. Mwaka ule ule wa 1890 ndipo alipokuwa ameanza kuandika vipande vya kwanza vya kitabu chake juu ya mfu asiyekufa. Hatusemi kwamba Stanley ndiye Dracula. Tunasema tu kwamba wote wawili walipita mbele ya macho yale yale katika miezi ile ile.

Kitabu kilimuchukua miaka saba. Aliandika wakati wa likizo na usiku, baada ya hesabu. Katika mji wa Whitby, pwani ya Uingereza, majira ya joto ya 1890, alipata katika maktaba kitabu cha zamani juu ya inchi za Wallachia na Moldavia, na ndani yake jina Dracula. Inchi ile yeye hakuwahi kufika. Alisoma ramani na vitabu vya wasafiri. Hadisi yenyewe wengi wanaijua: bwana wa ngome anasafiri na masanduku ya udongo mpaka London, anakunywa damu ya wasichana, na watu wachache wenye ujasiri wanamufukuza mpaka kwao na kumumaliza. Silaha zao ni vitunguu saumu, msalaba na hata mkate wa ushirika wa Kikatoliki. Sisi Waprotestanti tunashangaa kidogo, na yeye alikuwa mwenzetu! Lakini tuache.

Wengi wanafikiri kwamba yule bwana mrefu, mwembamba, mwenye sauti na macho ya kuvuta watu, anayewatumikisha wengine mpaka nguvu zao zinaisha, alichorwa kwa kumutazama Irving. Ni kweli kwamba Stoker alitamani Irving amucheze. Hebu wazeni: nyumba iko, mvuke uko, taa ya chokaa iko, shetani wa Faust amejaza viti zaidi ya mwaka. Kilichokosa ni ndiyo ya mutu mmoja.

Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa hivi: mwandishi wa hadisi asipoionyesha kwanza jukwaani mbele ya watu, mwingine anaweza kuigeuza mchezo na kula faida. Basi Stoker akachukua karatasi za kitabu chake kutoka kwa wachapaji, akazikata kwa makasi, akazibandika, akaongeza maneno kwa mkono wake, akapeleka kwa afisa wa Malkia aliyepaswa kusoma kila mchezo. Tarehe 18 Mei 1897, saa ine na robo ya asubuhi, Dracula ikasomwa katika Lyceum. Ilikuwa na sehemu tano na vipande zaidi ya arobaini, ikachukua saa nne na zaidi. Wasomaji walikuwa wachezaji wadogo wa kikundi. Edith Craig, binti wa Ellen Terry, mchezaji mkubwa wa Lyceum, alisoma maneno ya Mina. Hakuna nguo, hakuna mvuke, hakuna cheche. Tiketi ilikuwa gini moja, bei ya kufukuza watu, na inasemwa waliolipa walikuwa wawili.

Irving hakusoma. Inasemwa kwamba alipita, akasikiliza kidogo, akatamka neno moja la dharau, akaenda zake. Kama ni kweli, basi kazi ya miaka saba ilipata neno moja.

Katika kikundi chetu wote walimukasirikia Irving. Lakini sisi tunaoandika hapa tulipofikiri zaidi tuliona kwamba tusimulaumu haraka. Mchezo ule, jinsi ulivyokatwa na makasi, ulikuwa mubaya. Watu wanaongea, wanaongea, wanaeleza mambo yaliyotokea kwingine. Stoker aliyejua hesabu ya kila kiti hakuweza kufanya kazi yake mwenyewe iwe fupi. Na tena Dracula katika kitabu haonekani sana. Anakuja mwanzoni, kiisha anajificha, na watu wanamuogopa asipokuwapo. Irving hakuwa mutu wa kujificha nyuma ya pazia. Lakini je, alishindwa kusema neno zuri kwa mutu aliyemutumikia miaka karibu ishirini? Hapo tunabaki na hasira yetu.

Kitabu kikatoka tarehe 26 Mei, siku nane baadaye. Kiliuzwa, lakini hakikumutajirisha.

Baada ya hapo nyumba ikaanza kuanguka. Februari 1898 moto ulishika ghala chini ya matao ya reli, mahali Lyceum ilipoweka mapazia na nyumba za kuchora za michezo yake arobaini na mine. Yote yakawa majivu, na asiransi ilikuwa imepunguzwa si zamani, kwa agizo la Irving, ili kuokoa feza. Karani anajua maana yake. Irving akawa mgonjwa, kiisha akaiacha nyumba mikononi mwa kampuni, jambo ambalo Stoker hakulipenda, na mwaka 1902 akacheza pale mara ya mwisho. Akaendelea kuzunguka mijini kutafuta maisha, na Stoker pamoja naye. Tarehe 13 Oktoba 1905, mjini Bradford, Irving akamaliza mchezo wa jioni, akarudi hoteli, akafa. Mwaka 1895 alikuwa amepewa na Malkia cheo cha Sir, mchezaji wa kwanza kukipata, na majivu yake yakawekwa Westminster Abbey pamoja na wafalme. Yule msimamizi wake akabaki bila kazi, na miaka 57.

Mwaka uliofuata Stoker akaandika vitabu viwili vikubwa vya kumukumbuka Irving. Ukitafuta humo habari za Dracula, utachoka. Mwaka ule ule alipigwa na ugonjwa wa kupooza, macho yakapungua. Aliendelea kuandika hadisi, nyingine si nzuri. Mwaka 1911 aliomba msaada kwa mfuko wa kusaidia waandishi maskini, wakamupa pauni 100. Alikufa London tarehe 20 Aprili 1912, siku tano baada ya meli Titanic kuzama, na magazeti hayakuwa na nafasi mingi. Yaliyoandika yalimutaja zaidi sawa mutu wa Irving. Mwaka 1913 mjane Florence akauza makaratasi yake. Yale ya kutayarisha Dracula yalileta pauni mbili na kidogo. Leo yako katika nyumba ya makumbusho mjini Philadelphia, Marekani, yanalindwa sawa almasi.

Florence hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Mwaka 1922 Wadachi walipogeuza kitabu kuwa sinema, Nosferatu, bila kumuomba, akawashitaki mpaka mahakama yao ikaamuru, mwaka 1925, kopi zichomwe. Kopi zingine zikaponyoka, mpaka leo watu wanaitazama. Lakini mchezaji mmoja wa Irlandi, Hamilton Deane, alikuja kwake kwa adabu, akaomba ruhusa, akalipa. Deane alifanya lile Stoker aliloshindwa: alikata. Ngome aliitupa, safari ya bahari aliitupa, akaweka hadisi karibu yote ndani ya nyumba moja ya London, ambayo kikundi kidogo kinaweza kubeba katika gari la moshi. Bwana Dracula akamuvalisha nguo za jioni na koti refu lenye kola iliyosimama juu. Watu wanafikiri kola ile ni ya urembo. Hapana. Mchezaji aligeuza mgongo kwa watu, wengine wakamushika koti, kola ikaficha kichwa chake, yeye akashuka kwa mlango wa sakafuni, na waliomushika wakabaki na koti tupu mkononi. Hakuna umeme, hakuna mamia ya watu. Koti na shimo.

Walianza mwaka 1924 katika Grand Theatre ya mji wa Derby. Tarehe 14 Februari 1927 wakaingia London, katika teatri ndogo iliyoitwa hivyo hivyo, Little Theatre. Magazeti yakacheka. Watu wakajaa, mpaka ikabidi kuhamia nyumba kubwa zaidi. Deane akaweka muuguzi mwenye nguo zake nyeupe mlangoni, kwa wale wanaozimia. Wamoja walizimia kweli. Wengine, tunafikiri, walizimia juu ya kumuona muuguzi. Oktoba ya mwaka ule mchezo ulifika New York, katika Fulton Theatre, na Dracula akachezwa na Bela Lugosi wa Hungaria, ukaonyeshwa mara 261. Mwaka 1931 ukawa sinema, na ndipo jina likaenea dunia nzima mpaka kufika kwetu. Florence aliishi mpaka 1937, akila kidogo ya matunda yale.

Mwaka 1939 Lyceum ilikuwa karibu kufungwa. Nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa upya mwaka 1904, na kilichobaki cha zamani ni ukuta wa mbele na nguzo zake, pale Stoker alipopita kila jioni na nguo zake nyeusi. Katika mwaka ule wa mwisho Hamilton Deane aliuleta mchezo wake pale, na yeye mwenyewe akacheza Dracula. Safari hii ilikuwa usiku, na taa zilikuwako, na watu walilipa.

Nyumba ile ilifunguliwa tena baadaye, na tangu 1999 wanacheza humo The Lion King, ambamo Waingereza wanaita Simba na Rafiki bila kujua Kiswahili.

Mabishano ya kikundi chetu yataendelea Jumatano, saa tisa, baada ya masomo. Anayetaka kusema aje.